Kuvuna masazo ya shambani bila mtu kuumia: mwongozo kwa wanaoongoza vikundi vya kujitolea Mombasa

Maembe ya Pwani yakishika msimu, kuanzia Novemba hadi mwezi wa tatu hivi, mashamba mengi ya Kwale, Kilifi na pembezoni mwa Kisauni hubaki na matunda ambayo mwenyewe ameshayakatia tamaa. Bei ya soko la Kongowea imeanguka, au dalali hakurudi, au gharama ya kuchuma na kusafirisha imezidi kile kitakachopatikana sokoni. Hapo ndipo vikundi vya mitaa, misikiti, makanisa na shule huombwa waje waokote, wapeleke kwenye nyumba za mayatima na majiko ya kulisha wasiojiweza.

Mazao hayo yana sifa moja ambayo ndiyo msingi wa usalama wote: yamesazwa. Mkwezi anayepanda mnazi wa mita 20 anatafuta chakula cha watoto wake, na kazi hiyo ameijua tangu ujana. Karani wa benki aliyekuja Jumamosi kujitolea hana dharura hiyo. Kwa hivyo embe lisilofikika kwa kusimama chini na upembo (mti mrefu wa kuchumia), au kwa kupanda vidato vichache vya ngazi, libaki mtini. Mwenye shamba aambiwe hivyo mapema, asije akamhimiza mtu: "Panda tu kijana, mbona wangu hupanda?"

Mti ni wa nani?

Hatari ya kwanza wengi hawaihesabu. Huku Pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti ikawa ya mwingine. Minazi na miembe hurithiwa, huwekwa rehani, huuzwa peke yake. Pia yuko dalali aliyenunua maua, yaani alilipia mavuno mti ungali na maua, na hajasema kama ameyaacha. Kikundi cha watu 20 wageni wakionekana na magunia chini ya mwembe wa namna hiyo, mtu mmoja akipiga ukelele wa "mwizi!", hakuna atakayengoja maelezo.

Muulize mwenye shamba maswali matatu waziwazi: miti ni yako? Umeuza maua msimu huu? Nani mwingine huchuma hapa? Kisha mwandikiane karatasi fupi yenye tarehe, aina ya mazao na sahihi yake, na umwarifu mzee wa mtaa au chifu siku mbili kabla. Siku yenyewe, mwenye shamba au mtu wake awepo. Asipotokea, hamvuni.

Kukagua shamba kabla ya watu kufika

Nenda wewe na mwenzako mmoja, siku mbili au tatu kabla, saa zile zile mtakazofanya kazi. Tembeeni shamba lote kwa miguu, si kuliangalia kutoka kwenye gari. Mnachotafuta zaidi ni mashimo: visima vya zamani visivyo na kizingiti, vyoo vilivyoporomoka, na machimbo ya mawe ambayo nyasi zimeyafunika. Kila shimo lizungushiwe kamba na vitambaa vyekundu, mita 3 kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo wenyewe mara nyingi ndio unaomeguka.

Inueni macho pia. Waya wa umeme ukipita juu ya mti au kando yake, mti huo futeni kwenye orodha. Upembo wa alumini hauna nafasi katika kazi hii hata kidogo. Tumia mwanzi au mti mkavu, na ukumbuke kwamba hata mwanzi ukilowa umande au mvua hupitisha umeme. Angalieni matawi makavu yaliyoning'inia, mizinga ya nyuki na mashimo ya miti ambamo nyuki huingia na kutoka. Mzinga ukiwepo, kaeni mita 50 au zaidi, au mchague upande mwingine wa shamba. Mbwa wa shamba waombewe kufungwa siku hiyo.

Kabla ya kuondoka, simama katikati ya shamba utazame simu. Kama hakuna mtandao, tafuta mahali unapoanza kupatikana, hata kama ni nusu kilomita, na upaandike. Andika pia njia ya kuingilia kwa maneno ambayo dereva mgeni ataelewa, na zahanati au hospitali iliyo karibu zaidi na yenye mtu wa zamu siku ya mapumziko. Usidhani tu, pita uulize. Uliza hasa kama wana dawa ya sumu ya nyoka, na kama hawana, wao huwapeleka wagonjwa wapi.

Dawa za kunyunyizia

Mwombe mkulima akuonyeshe chupa yenyewe, si jina la dawa kwa kumbukumbu. Kwenye lebo kuna ukanda wa rangi: nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, kisha manjano, buluu na kijani. Kuna pia muda wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Mmoja ni wa kuingia tena shambani baada ya kunyunyizia. Mwingine ni wa kungoja kabla ya kuvuna, na huu huwa mrefu zaidi, kuanzia siku chache hadi wiki mbili au kupita. Nyinyi mnaufuata ule mrefu, kwa kuwa matunda yanaenda kuliwa na watoto. Chupa haionekani au lebo imebanduka, na mkulima hakumbuki alinyunyiza lini? Shukuruni, mwende shamba jingine.

Vile vikopo vinavyoning'inia kwenye miembe ni mitego ya nzi wa matunda. Ndani mna chambo na mara nyingi sumu ya kuua wadudu. Watoto huvutwa navyo sana; waambieni mapema wasiviguse.

Saa, joto na maji

Mombasa ya Februari na Machi hufika nyuzi 32 au 33 mchana, lakini unyevu wa hewa ndio unaoumiza, maana jasho halikauki na mwili haupoi. Anzeni saa 12:30 asubuhi, mwache kuchuma saa 4:30. Saa sita mchana mnatakiwa muwe mmeshapakia na kuondoka. Ijumaa malizeni mapema zaidi, watu wapate kuoga kabla ya swala.

Maji yana hesabu yake. Mtu anayefanya kazi juani anywe kikombe cha mililita 250 kila dakika 20, yaani karibu robo tatu ya lita kwa saa. Kwa watu 20 na saa nne, hiyo ni lita 60: madumu matatu ya lita 20. Dumu la nne liwe la kunawa na kusafisha macho, liandikwe "KUNAWA" kwa kalamu nene ili lisinywewe. Kuambia watu "kunyweni maji" hakutoshi. Mtu akishanogewa na kazi husahau. Kiongozi apulize filimbi kila dakika 20, wote waache, wanywe mbele yake. Madafu yakiwepo ni neema, lakini yasichukue nafasi ya maji. Asiwepo pia wa kunywa lita mbili kwa mkupuo, kwani maji mengi mno bila chumvi nayo huangusha mtu. Wenye kutoka jasho sana wapewe maji ya ORS, au mchanganyiko wa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Ramadhani inahitaji mpango wake. Mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, kiini cha joto. Kinachofaa ni kuanza mara tu kukipambazuka na kumaliza ndani ya saa mbili, na waliofunga wapewe kazi ya kivulini: kuchambua, kuhesabu, kupanga kreti. Aliyefunga asipande ngazi, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Kizunguzungu hakibishi hodi.

Anayeanza kuumwa kichwa, kukakamaa misuli na kulegea, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji shingoni na makwapani, mpepee, anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, au kuzimia, hiyo si uchovu tena bali ni kiharusi cha joto. Mlowesheni mwili mzima papo hapo, mmpepee bila kuacha, mpige simu, mumpeleke hospitali huku mkiendelea kumpoza. Msimpe kitu cha kunywa kama hajitambui vizuri.

Nguo

Suruali ndefu, mikono mirefu ya pamba, kofia yenye ukingo, na viatu vya kufunika mguu mzima. Ndara zibaki nyumbani: mawe ya Pwani ni makali kama msumeno, na nyasi huficha miba na nyoka. Buibui, dira na kanzu hunasa kwenye matawi na vidato vya ngazi. Anayependa kujisitiri avae suruali pana chini na gauni fupi la magotini juu, mtandio uchomekwe ndani ya nguo. Pete zivuliwe. Manukato nayo yasipakwe siku hiyo, kwa kuwa harufu kali huwachokoza nyuki.

Upembo, ngazi na utomvu

Hapa ndipo watu huumia zaidi, basi tukae napo kidogo.

Kwa maembe mengi, upembo wa mita 3 hadi 4 wenye mfuko mdomoni unatosha. Funga duara la waya mgumu la upana wa sentimita 20 hivi kwenye ncha, ushonee mfuko wa turubai, na meno mawili ya waya yaelekee ndani ili yakate kikonyo. Mfuko ubebe embe mbili au tatu tu kabla ya kushushwa. Ukijaa, uzito wote uko mwisho wa mti mrefu, mikono inachoka, na mti humwangukia aliye karibu. Kila mwenye upembo awe na mwenzake wa kupokea, ambaye husimama kando, si chini ya tawi. Anayechuma naye asitazame juu moja kwa moja chini ya embe: arudi nyuma hatua mbili avute kwa mshazari.

Sababu ni utomvu. Kikonyo cha embe kikikatika karibu na tunda, utomvu huruka kwa nguvu sekunde za mwanzo. Ni mkali: huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi, na jichoni ni balaa. Ukichuma kwa mkono, kata kwa makasi ya kupogolea ukiacha kikonyo cha sentimita 3 hadi 5. Baadaye, mezani, punguza kikonyo na uyalaze maembe kifudifudi, upande wa kikonyo chini, juu ya wavu au matete kwa nusu saa utomvu uchuruzike. Ukimgusa mtu ngozini, aoshe kwa sabuni mara moja. Ukiingia jichoni, maji safi yamiminike taratibu kwa dakika 15 bila kusugua, kisha daktari. Miwani ya plastiki ya mafundi huepusha yote haya kwa bei ndogo.

Wapo ambao ngozi zao hufura kwa embe tu. Mwembe na mkanju, yaani mkorosho, ni ukoo mmoja, na ganda la korosho bichi lina mafuta yanayochoma kuliko utomvu wa embe. Aliyewahi kupata malengelenge mdomoni kwa kula embe na ganda lake asipewe kazi ya korosho. Na korosho bichi zisipasuliwe kwa meno wala kuchomwa shambani, maana moshi wake hudhuru macho na mapafu.

Ngazi iwe moja au mbili tu, si zaidi, na kila moja iwe na msimamizi. Kanuni ni nne kwa moja: ikiegemea kwenye urefu wa mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka usawa wa inapoegemea. Ardhi yetu ni ya mchanga, na mguu mmoja wa ngazi huzama taratibu mtu akiwa juu bila yeye kuhisi, mpaka ngazi ikapinduka upande. Weka ubao mpana chini ya miguu yote miwili, mwanzo upande wewe kidato cha kwanza na kuruka kidogo uone kama inashuka. Kichwa cha ngazi kifungwe kamba kwenye tawi nene. Tawi lililosheheni matunda huinama. Ukiyatoa, huinuka, na ngazi iliyoegemea bila kufungwa huteleza. Wachumaji wazoefu huanza na matunda yaliyo mbali na pale ngazi ilipoegemea, wakamalizia yaliyo karibu.

Nyayo za aliye juu zisipite mita 2 kutoka ardhini. Mkono mmoja ushike ngazi wakati wote, mfuko wa matunda utundikwe begani kwa mkanda, na kitovu kisivuke mihimili ya pembeni: ukihitaji kunyoosha mwili zaidi ya hapo, shuka uhamishe ngazi. Mkanju usiegemezwe ngazi kabisa, matawi yake hukatika bila ya onyo. Mpapai nao vilevile, shina lake halibebi mtu. Chini ya miaka 18 hakuna kupanda.

Minazi ni ya wakwezi. Mlipeni mkwezi wa kijiji, nyinyi mkusanye akishashuka. Nazi ya kilo moja na nusu ikitoka mita 20 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, na ikigonga ardhi ngumu huruka kando. Akiwa juu, kila mtu awe umbali usiopungua nusu ya urefu wa mnazi. Asiingie mtu hata kwa nazi moja iliyobingirika. Mkifua nazi shambani, kifuo kisimikwe mahali ambapo watu hawapiti, na mapumzikoni kivikwe kumbi la nazi kwenye ncha. Mtu akijikwaa akaangukia kifuo kilicho wazi, hilo si jeraha la plasta.

Panga ni la kiongozi na mwenye shamba tu. Huwekwa mahali pamoja, si kuchomekwa kwenye mti wala kuachwa majanini.

Wenye miba, meno na sumu

Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, hawana sumu ya kuogopesha, ila aliye ngazini akivamiwa huachia mikono. Tikisa tawi kwa upembo kwanza. Likiwa na kiota, liache. Na usikichome moto, maana wadudu hao ndio walinzi wa mkorosho na mnazi dhidi ya wadudu waharibifu, na mkulima hatakushukuru.

Upupu hukomaa kiangazi, maganda ya manyoya ya kahawia kwenye mitambaazi. Aliyeguswa asijikune. Bandika utepe wa gundi au unga uliokandwa mzito, ubandue pamoja na vinyweleo, rudia mara kadhaa, ndipo uoshe kwa sabuni.

Nyuki wakishaanza kushambulia, kimbieni mbali huku mmefunika uso kwa nguo, muingie ndani ya gari au nyumba mfunge. Msipunge mikono, msilale chini. Mishale itolewe haraka kwa kukwangua kwa ukucha au kadi. Aliyevimba mdomo au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali bila kungoja.

Nyoka hupenda marundo: makuti makavu, magogo, mawe, majani yaliyokusanywa jana. Msitie mkono msipouona. Funueni rundo kwa fimbo ndefu, mkilivuta kuelekea kwenu ili likae kati yenu na kilichomo. Juu nako hakuna amani. Miembe na mikanju ya Pwani ni makao ya nyoka wa kijani mwenye sumu kali, anayefanana na jani. Aliyeumwa atulizwe, asitembee, avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe gango kisichezecheze, apelekwe hospitali kwa gari. Hapana kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kubana, wala kubandika jiwe la nyoka. Swila akimtemea mtu mate machoni, yale maji ya dumu la kunawa yamiminike dakika 15 hadi 20. Msimfuate nyoka kumuua; picha ya simu kutoka mbali ni zaidi ya kutosha.

Kuumwa na mbwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Mzigo na safari

Kreti moja isizidi kilo 15 kwa mtu mmoja. Ya kilo 20 na zaidi ni ya watu wawili. Gunia lililoshindiliwa halina mahali pa kushika na humvunja mtu mgongo, achilia mbali kuponda maembe. Lori la mzigo lisogee kwenye matunda, si matunda kubebwa mita 200. Gari likirudi nyuma, mtu mmoja tu aliongoze, wengine wote wakae upande wa dereva anapowaona. Hakuna kupanda juu ya mzigo kurudi mjini. Na foleni ya feri ya Likoni yaweza kuwaweka juani muda mrefu, basi ongezeni dumu moja la maji kwa ajili ya njiani.

Karatasi na sanduku

Kila mtu aandike jina, namba ya simu ya nduguye, maradhi kama pumu, kisukari au kifafa, na mzio alio nao. Aje na kitambulisho, na ajue kama amejisajili bima ya afya ya SHA. Sheria ya fidia ya kazini, WIBA ya 2007, inamlenga aliyeajiriwa, kwa hivyo aliyejitolea akivunjika mguu gharama zaweza kumwangukia mwenyewe. Bima ya ajali ya siku chache kwa kundi zima ni heri kuiulizia mapema. Chanjo ya pepopunda iwe ndani ya miaka 10. Jeraha lililoingia samadi au udongo likimpata mtu aliyechanjwa zaidi ya miaka 5 iliyopita, aende akapigwe nyingine.

Sandukuni: bendeji pana sita, pamba na shashi za kutosha, plasta, glavu jozi kumi, mkasi, kibano, chupa ya kuoshea macho, pakiti kumi za ORS, dawa ya mzio, mbao mbili za gango, leso mbili kubwa. Leso hufunga mkono, huwa machela, huwa kivuli. Namba za dharura ni 999 na 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe. Mshikilie kichwa kisigeuke, mfunike, mngoje wenye utaalamu.

Kwa watu 20 wawepo viongozi wawili na mmoja wa huduma ya kwanza ambaye hachumi kabisa. Asubuhi kiongozi atumie dakika kumi kuonyesha, si kusoma: hapa kisima, pale maji, waya ule, filimbi moja ni kunywa, filimbi tatu ni kila mtu aache alichoshika aje kwenye gari. Kabla ya kuondoka hesabuni vichwa kwa majina, si kwa macho, kisha mapanga, makasi na ngazi. Kikipungua kitu, gari halitoki: panga lililosahaulika majanini litakanyagwa na mtoto wa mwenye shamba kesho yake.